Aliyepoteza Kitabu cha Mchele

Jengo la Nne, Ghorofa ya Tatu,
Mtaa wa Kham Thien,
Hanoi.
Jumapili, 18 Novemba 1984

Mpendwa mdogo wangu Lua,

Habari za siku nyingi, na habari za baridi? Tumesikia huko Brno theluji imeanza mapema, nikakuwaza na kifua chako. Je, kikohozi kimepona? Na kazi ya kiwandani, bado wanakupa zamu za usiku? Sisi huku ni wazima ukitutazama kwa nje. Hoai ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa anasema kwa mluzi. Shemeji yako anafundisha hesabu asubuhi, na mchana anakaa kona ya mtaa akijaza wino kwenye kalamu za watu zilizokwisha.

Sabuni uliyotuma ilifika salama. Kila mche nimeukata vipande vinne, na kimoja nimekificha kabatini kwenye nguo, si cha kufulia, ni cha kunusa tu.

Maisha ya huku unayajua. Chungu ni nusu mchele nusu mihogo, na mwisho wa mwezi mihogo inazidi. Duka la mgawo bado tunapangia foleni kwa matofali ya kutushikia nafasi. Letu nimeliandika jina kwa rangi nyekundu, maana kuna mtu mwenye tabia ya kulisogeza nyuma, na nikimjua atanikoma.

Kwa ajili ya ugumu huo ndipo nikaamua kufuga nguruwe bafuni, kama wafanyavyo wa ghorofa ya pili. Baba Hoai alikataa, mama mkwe akakataa zaidi. Alisema, "Mwanangu, mtu na nguruwe wakioga pamoja, hujui nani katoka msafi." Nikabisha mpaka nikashinda. Sasa tunaoga tumesimama juu ya ubao na nguruwe anatutazama.

Lakini lililonifanya nishike kalamu ni jingine, Lua, na nalisema kwa aibu.

Kitabu chetu cha mchele, ambacho bila hicho duka la mgawo halikuuzii hata punje, hukaa chini ya mto wa mama mkwe. Ana miaka sabini na moja na ndiyo kazi aliyojipa katika nyumba hii, kukitunza. Jumanne moja mwanzoni mwa mwezi nilisikia mchele umefika dukani. Mama alikuwa anaosha uso nje, nikakichomoa bila kumwambia, nikakimbia. Duka lilikuwa limefungwa, na mvua ikaninyeshea. Niliporudi nikatundika koti bafuni likauke, kitabu kikiwa mfukoni, nikawahi kazini.

Jioni nilikuta koti sakafuni na mfuko umetafunwa. Pembeni kilibaki kipande cha jalada chenye nusu ya mhuri. Mgawo wetu wote wa mchele, mimi na mume na mtoto na mama, ulikuwa tumboni mwa nguruwe. Nilikitia kile kipande kifuani. Kutoka bafuni nikamkuta Baba Hoai ameinua mto na anamwambia mama yake, "Mama, una kazi moja tu katika nyumba hii. Moja."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Sikusema. Nguruwe alikuwa wangu, koti langu, ubishi wangu, na niliogopa. Nikajiambia nitasema kesho.

Kesho yake mama alitoka kwenda dukani kwa miguu akiinamia mitaro njia nzima. Akawauliza wauza mboga mmoja mmoja. Alipanda ngazi za ghorofa tatu akashuka tena, mara nne kwa siku. Chakula kilipopakuliwa alisukuma bakuli. "Aliyepoteza mchele hali mchele," akasema, akachukua muhogo. Hoai alimtilia wali, naye akaurudisha kwenye bakuli la mtoto, punje kwa punje. Siku ya tatu aliinuka kwa kushika ukuta. Baba Hoai aliona, akageuka upande wa pili kwa hasira. Mimi nilikuwa nakoroga mchuzi.

Siku ya nne, kwenye bomba la maji, Bi Tinh jirani yetu aliniambia, "Mama Hoai, uso gani huo, kama umepoteza kitabu cha mchele?" Wanawake wote wakacheka. Unaujua huo utani wa mjini kwetu. Nikacheka nao, Lua, na nikajichukia hapo hapo.

Jioni ile nilikiweka kile kipande cha jalada juu ya sinia, katikati ya vyakula. Nikasema yote, tangu mto mpaka nguruwe.

Baba Hoai aliweka vijiti vyake vya kulia chini. "Siku nne, Mama Hoai. Siku nne unanitazama nikimtesa mama yangu." Kisha akamgeukia mama, akainamisha kichwa mbele yake. Mama alikitazama kile kipande pande zote mbili, akamnyooshea Hoai bakuli. "Nipakulie, mjukuu wangu." Alikula mabakuli mawili tukimtazama. Mimi sikula, na hakuna aliyeniambia nile.

Tangu hapo mama hajasema nami. Akitaka jambo anampa Hoai ujumbe, nami nimesimama hatua mbili kutoka kwake: "Mwambie mama yako maji yamechemka." Leo siku ya nane. Baba Hoai amepeleka barua ya mwenyekiti wa mtaa ofisi ya chakula, ameambiwa kitabu kipya ni mwezi ujao. Tunaishi kwa makopo ya mchele tunayoazimwa na majirani. Bi Tinh aliyenicheka ndiye aliyeleta la kwanza. Nguruwe tutamuuza kabla ya mwaka mpya wetu wa Tet ili turudishe, basi usijinyime ili ututumie kitu. Na ukimwandikia mama mkwe wangu, usinitetee.

Nilipofika hapo kuandika, mama mkwe, aliyekaa karibu nami akichagua choroko, aliuliza bila kuinua kichwa, "Unamwandikia nani maneno marefu hivyo?" Nilishtuka, maana Hoai hakuwepo chumbani. Nikamjibu ni wewe. Akasema nisome. Nimemsomea yote tangu salamu, sikuruka hata yale ya bafuni.

Kisha akasema, "Umeacha jambo. Andika kwamba hakuna aliyekushika. Ulikuja kusema mwenyewe."

Nimeandika, Lua, kama alivyoniagiza.

Hoai na baba yake wanakusalimu. Nisalimie wasichana wote wa bwenini. Mababu wakulinde huko ugenini na wakurudishe kwetu ukiwa mzima.

Mimi dada yako, ninayekuwaza hata nikiwa kwenye foleni,
Thoa