Fimbo zinazovuta mupira miguuni

Alhamisi, hapa kijijini Muheto. Mvua tangu asubuhi. Siku ya tatu sasa nguo za mutoto zinakataa kukauka.

Nimechoka. Si uchovu wa mugongo, huo nimeuzoea.

Kwenye ateliye yetu, kibanda cha kuchongea, tuko wanne: Papa Baraka anayechonga, wamama wawili wanaosugua kwa msasa, na mimi niliyesoma kidogo, ninayeongea na muteja kwa telefone. Tunatengeneza fimbo za gofu. Ndiyo, gofu, hapa kwenye maharagwe na mihogo. Zetu hazifanani na za dukani: kichwa na mupini ni muti mumoja. Papa Baraka anatafuta mupera wenye tawi lililojikunja vizuri, anakata pale linapotoka kwenye shina, kama wazee walivyokata mipini ya majembe. Hakuna kuunganisha, hakuna musumari. Hilo ndilo muteja wetu wa Goma alipenda.

Leo muchana akanipigia. Nilidhani anashukuru kwa mzigo wa kwanza.

"Mama Neema, mutu wa gofu anasimama pembeni ya mupira, anaupiga uende kushoto kwake. Fimbo zenu zinauvuta miguuni kwake! Munataka tulime?"

Fimbo kumi na mbili, na ubapa wa zote unamuangalia mwenye kushika, sawasawa na jembe. Anatungoja mpaka mwisho wa wiki ijayo tutume moja iliyo sawa. Isipofaa, anatuacha.

Papa Baraka alisikia yote, na wale wamama pia, maana telefone yangu inapiga kelele. Akaingiza tezo yake mu mufuko.

"Mikono yangu imezeeka, Mama Neema. Mutafute mungine."

Akaenda kwake na mvua ikimunyeshea.

Mungine hayuko. Bila yeye ateliye imekufa, na mimi narudi kulima mashamba ya watu na mutoto mugongoni.

Niandike sasa kile nilichonyamazia alipokuwa anaondoka.

Kosa ni langu.

Muteja alitutumia video. Niliiangalia mara moja, mutoto wangu Neema analia, rezo ya telefone inakatika. Papa Baraka akaniuliza ubapa unaangalia wapi. Niliona haya kusema sijui, mimi mwenye kusoma. Nikamujibu, "Kama jembe tu, Papa."

Akaniamini.

Saa kumi nilimufunga Neema mugongoni, nikapanda mpaka kwake. Alikuwa anachambua maharagwe na muke wake. Nilisema yote nikiwa mulangoni. Kama ningekaa kwanza, nisingesema.

Muke wake ndiye alicheka. "Jembe! Sasa hao watu wa gofu watavuna nini?"

Papa Baraka hakucheka. "Umeniacha nipate haya mbele ya wamama wale. Kesho utasema mbele yao."

"Nitasema, Papa. Lakini na tezo irudi."

Niliinamisha kichwa kwa heshima, lakini sikuondoka mulangoni.

Akachambua konzi mbili, tatu za maharagwe. "Nikusikie kwanza ukisema," akajibu. "Tezo itakuwa mu mufuko."

Kumbe ataileta.

Nimerudi, Neema amelala. Nimesimama pembeni ya kiazi, mwiko mukononi kama fimbo, nikikipiga kiende kushoto. Mara ya tano kimefika mpaka mulangoni. Wale wamama watanicheka wiki nzima, najua, na mmoja wao hasahau kitu.

Wacheke. Kesho, kabla mutu hajashika msasa, neno la kwanza litakuwa langu: nilidanganya.