Msikaze Bolti Mpaka Nifike

Nyumba Na. 27,
Mtaa wa Tatu,
S.L.P. 318.

Jumamosi, tarehe 9 Agosti.

Mpendwa Kitindamimba wetu,

Salamu zangu zikufikie wewe, wifi na wote mnaolala chini ya paa lenu. Goti lako vipi? Mara ya mwisho ulisema linakusumbua ukipanda ngazi, nikakuambia uache kupanda ngazi na ndoo mkononi, ukacheka. Natumaini sasa huna la kuchekea na umeacha. Na wifi, presha yake imeshuka? Yule mjukuu aliyekuwa akikataa kuoga bado anakataa?

Mimi mzima. Macho yanaona, masikio yanasikia ninachotaka kusikia, na mgongo unauma asubuhi tu, ukishasikia harufu ya chai unanyamaza.

Barua yako ya kurasa tatu nimeipata. Nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na penseli mkononi, kama nilivyozoea katika miaka yangu thelathini ya ukutubi. Mwandiko wako bado unalalia kushoto, nami nimefurahi kuuona. Yaliyoandikwa nimeyakataa. Nakuandikia kukueleza kwa nini, na nimefanya nini tangu niyakatae.

Umeniambia kwamba mlikaa kikao nyumbani kwako, wewe na vijana watatu wa marehemu kaka yetu. Kwa kuwa Dada Mkubwa amevunjika nyonga na hawezi tena kuishi peke yake, mmeamua azungushwe katika nyumba zenu nne, miezi mitatu kila nyumba, kuanzia mwezi wa tisa. Chumba chake kitafungwa, na ufunguo umeshauchukua. Kuhusu yeye kuja kuishi nyumbani kwangu, jambo aliloliomba mwenyewe, umejibu kwamba haiwezekani: mwendo ni wa siku mbili, daktari amekataza mitikisiko, na gari langu, nanukuu, ni "mkokoteni wenye redio".

Redio iliharibika zamani. Hilo la mkokoteni nakiri lilikuwa kweli mpaka wiki hii.

Kwanza nikukumbushe kitu ambacho huwezi kukikumbuka. Mama alipofariki, Dada Mkubwa alikuwa na miaka kumi na saba, mimi kumi, wewe miwili. Ulikuwa mgongoni mwake. Alisonga, alifua, alichota maji na wewe ukiwa mgongoni, na hukuamka. Mtu aliyekubeba hivyo leo anaambiwa kwamba yeye habebeki. Nilipompigia simu baada ya kikao chenu hakulia, unamjua. Alisema tu, "Njoo unichukue, kabla sijawa mgeni kila baada ya miezi mitatu."

Daktari wake nimempigia mwenyewe. Hakukataza safari. Alikataza kurushwarushwa. Amesema anaweza kusafiri ikiwa atakaa nusu kulala kiti cha nyuma, mto katikati ya magoti, tusimame kila baada ya saa moja, na gari lisimrushe. Hayo ya mto na kusimama yalikuwa rahisi. Lile la mwisho ndilo lililonipeleka gereji.

Fundi wangu anaitwa Kobe, kwa sababu anashinda chini ya magari, na mteja akifika kinachotokeza ni kichwa tu. Ni mtu wa mwili, kilo mia na kitu, na hana haraka na lolote. Alitoka, akaikandamiza kona ya mbele ya gari langu kwa mikono yote miwili, akaiachia. Gari likapanda, likashuka, likapanda tena, likashuka tena, kama msikilizaji anayesinzia mkutanoni.

"Mama," akasema, "hizi shokapu zilikufa siku nyingi. Zilichokosa ni mtu wa kuzizika tu."

Alitaja na mengine. Springi za nyuma zilikuwa zimechoka, gari limekalia matako. Bushi, zile raba zinazokaa kwenye maungio ya miguu ya gari ili chuma kisipige chuma, zilikuwa zimepasuka kama kisigino cha mtu asiyevaa viatu. Nikasema badilisha vyote. Akaangalia matairi. Nikamwambia hayo ayaache, yana meno yote.

Akacheka mpaka akakaa juu ya ndoo. Kisha akanionyesha ubavuni mwa tairi tarakimu nne ndogo ambazo mimi, msoma kila kitu, sijawahi kuzisoma: wiki na mwaka lilipotengenezwa. Tairi langu lilikuwa na miaka kumi na mitatu.

"Nimeyatunza," nikasema.

"Hukuyatunza, Mama. Uliyasimamisha. Mpira unakufa hata ukisimama." Akalibonyeza tairi kwa kidole gumba, na nyufa zikafunguka, nyembamba, nyingi, kila mahali.

Neno hilo nilirudi nalo nyumbani, na nikalala nalo. Kitindamimba, kila mwaka nimekuandikia kwamba ningekuja ila gari halina hali. Umeshanijua, hukuwahi kuuliza kwa nini sipandi basi. Basi sikiliza. Nilikimbia huko nikavuka mpaka na begi moja, nikidhani ni siku kumi. Zimekuwa miaka arobaini na moja. Mpaka ulifunguliwa zamani, na waliokuwa wakitutafuta watukamate wamezeeka kama sisi, wengine wamekufa. Sikuja kwa sababu niliogopa kugonga mlango niliokuwa nikiufungua bila kugonga. Gari bovu lilinifaa sana. Sasa nimejinyang'anya kisingizio hicho kwa mikono yangu.

Binti yangu hakupenda. "Mama, una miaka sabini na nne," akaniambia.

"Na leseni ya miaka mitano," nikamjibu.

Akasema basi ninunue gari jingine. Nikamwambia gari hili nalijua linapokohoa na linapojifanya tu, na sina umri wa kuanza kuzoea tabia ngeni. Alibamiza mlango, na siku tatu hatukuongea ila habari za chumvi.

Muuza matairi naye alikuwa na lake. Alitaka kuniuzia rimu kubwa na matairi membamba ubavuni, ati gari litapendeza. Nikamwambia mgonjwa halali juu ya urembo. Nimechukua kipimo kilekile cha kiwandani, ubavu mnene, ili pawe na mpira mwingi kati ya barabara na nyonga ya dada yangu. Akayafunga, akayajaza upepo, akanipungia mkono kama mtu aliyeokoka.

Ugomvi mkubwa ulikuwa Jumatano iliyopita, na ndio unaokuhusu.

Nilifika gereji nikamkuta Kobe amemaliza kazi ya miguu. Gari liko juu, magurudumu yananing'inia. Mimi nilikuwa nimekwisha kusoma kitabu cha gari, kurasa mia mbili na kumi, pamoja na zile ambazo hakuna anayezisoma.

"Kobe, bolti za bushi umezikaza gari likiwa hapo juu?"

"Sasa nikaze likiwa wapi, Mama? Mbinguni?"

"Chini. Likisimama kwa magurudumu yake, likibeba uzito wake."

"Mama wa vitabu, miaka ishirini nakaza hivi."

"Na miaka ishirini wateja wako wanarudi baada ya mwaka na bushi zimepasuka, unawaambia ni barabara."

Mafundi wenzake waliacha kazi. Mmoja akapiga spana juu ya bati akiita, "Kobe, leo ingia kwenye gamba!" Kobe hakucheka. Akajifuta mikono taratibu, kidole kimoja kimoja.

Nikueleze, maana wewe si mtu wa magari. Bushi ni raba iliyobanwa pamoja na bolti. Ukikaza mguu ukiwa unaning'inia, ile raba inashika hali ile ya kuning'inia na kuifanya ndiyo kwao. Ukilishusha gari, mguu unapanda, na raba inabaki imesokotwa. Inasokotwa hivyo usiku na mchana, hata gari likiwa limesimama. Gari linakuwa gumu, na raba inachanika mapema. Kwa macho huoni kosa lolote. Kila bolti imekazwa vizuri kabisa.

Kobe akasema hayo ni maneno ya kitabu. Nikasema sawa, twende tukalijaribu gari. Nikampa mto niliokuja nao.

"Wewe ni dada yangu," nikamwambia. "Una miaka themanini na moja na nyonga mbovu. Lala kiti cha nyuma, mto katikati ya magoti. Ukirushwa, piga kelele."

"Mimi?"

"Wewe, Dada Mkubwa. Shikamoo. Ingia."

Waliobaki gereji walimsindikiza kwa vigelegele. Nikaondoka naye kwenye barabara ya nyuma ya gereji, yenye matuta mawili, mashimo, na mfereji unaokatiza bila kuomba ruhusa. Tuta la kwanza alilia kwa mzaha, "Jamani, mwanangu, nyonga!" Shimoni akalia tena. Kwenye tuta la pili goti lake lilipiga mlango, na mzaha ukaishia hapo. Nilihesabu kelele tisa, na tano za mwisho zilikuwa za kweli. Tukarudi gereji.

Hakusema nimeshinda. Alisema, "Tuangalie na upepo." Kumbe muuza matairi alikuwa ameyajaza mpaka arobaini, yamekuwa magumu kama magogo, na kibandiko kwenye nguzo ya mlango kinasema thelathini. Tukapunguza. Kisha Kobe akazilegeza bolti zote, akalishusha gari chini, akalisukuma mbele na nyuma ili likae linavyotaka lenyewe, akaliingiza juu ya shimo la gereji, akashuka humo na spana, akazikaza upya uzito wote ukiwa juu yake. Ilimchukua mpaka alasiri, na kila bolti niliisikia, maana alikuwa akiiambia jambo.

Tukaenda tena. Barabara ileile, mto uleule. Tuta la kwanza, kimya. Mashimo, kimya. Nikadhani amegoma. Mferejini peke yake ndipo alipoguna, akasema hilo waulizwe waliochimba, gari halimo. Tuta la pili, kimya tena. Nilipofika mwisho wa barabara nikageuza shingo.

"Kobe, mbona husemi?"

"Nyamaza, Mama," akanijibu macho yamefungwa. "Dada yako amelala."

Anadai ni upepo uliofanya kazi. Mimi nadai ni bolti. Tumeachana hapo, kila mtu na lake, lakini gari la mteja aliyefuata amelikaza likiwa chini. Nimemwona.

Nikiwa pale kandokando ya barabara ndipo nilipoielewa barua yako, ndugu yangu. Nyinyi mmekaza gari likiwa juu. Mliketi mezani kwako, mkagawa miezi na vyumba, na uzito haukuwapo. Dada Mkubwa hakuwapo, mimi sikuwapo. Kila kitu kilionekana kimekaa sawasawa kwa sababu magurudumu yalikuwa hewani. Sisemi mlifanya kwa ubaya. Kobe naye si mtu mbaya. Lakini mkimshusha Dada Mkubwa juu ya mpango huo atasokotwa kila siku, hata siku ambazo hakuna aliyemkosea, nanyi mtaniandikia kwamba ni uzee.

Kwa hiyo nakuja. Jumatatu tunapeleka magurudumu yakapimwe yaelekee njia moja. Tunaondoka Alhamisi tarehe 21, tunalala njiani katika nyumba ya wageni isiyo na ngazi, nimeshauliza. Ijumaa jioni tutakuwa mlangoni kwake. Nasema tutakuwa, kwa sababu juzi binti yangu alikuwa akiosha vyombo, hajanigeukia, akasema, "Nimeomba likizo. Utaendesha mpaka saa sita mchana, baada ya hapo usukani ni wangu." Nikajifanya nafikiria.

Nikifika nitamwuliza Dada Mkubwa mbele yenu wote wanne, yeye akiwa ameketi kitini pake. Akisema tunaondoka, tutaondoka, na hakuna atakayesimama mbele ya gari. Akisema anabaki, nitafungua begi langu nibaki naye chumbani mwake mpaka huo mzunguko wenu ufe wenyewe. Kuzungushwa hakumo. Ukinuna, nuna; nimekuona ukinuna tangu huna meno, na nilikupenda hivyohivyo.

Ufunguo wa chumba chake urudishe leo, uutundike kwenye msumari wake. Usingoje nije kuudai.

Nisalimie wifi, mwambie nguo za baridi nilizomwahidi zinakuja. Wale vijana watatu wa kaka waambie shangazi yao yuko njiani na wasijifanye wana safari. Mjukuu asiyeoga mbusu, ila baada ya kuoga. Dada Mkubwa mpe salamu hizi kwa mdomo, usimsomee: kiti cha nyuma upande wa kushoto ni chake, na kimejaribiwa na mtu wa kilo mia moja na mbili akasinzia.

Mungu alitunze goti lako na aulainishe moyo wako, nao ulikuwa laini. Mlango nitaugonga mimi mwenyewe. Na hapo katikati, nakuomba na nakuamuru, msikaze bolti yoyote mpaka nifike.

Wako akupendaye hata anapokukatalia,

Dada wa Kati