Ndizi za Mama Tumpe

Jumatatu, 6 Machi 1995
Mvua tangu alfajiri. Zamu yangu ya kusimamia jiko la shule. Kuni mbichi, makande magumu. Wamekula wale ambao wazazi wao wameleta mahindi. Wengine tumewaambia waende kwao, kama kawaida. Wengi hawakurudi vipindi vya mchana.

Jumanne, 7 Machi
Nimemkuta Tumpe wa darasa la nne nyuma ya nyumba za walimu, kajikinga mvua kwa jani la mgomba. Kumbe huwa haendi kwao mchana. Ni mbali, na mama yake yuko kwenye kuchuma chai. Hukaa pale hadi wenzake wamalize kula. Nilimuuliza kwa nini hasemi.
"Nimeshiba, mwalimu."
Nimeona aibu. Nilikuwa ndiyo kwanza natoka kula.

Jumatano, 8 Machi
Nimewaita jikoni wote wasioleta mahindi. Mpishi kaongeza maji, kila mtoto kapata kidogo. Mwalimu mkuu kaniangalia tu. Nina furaha.

Jumatatu, 13 Machi
Furaha imekwisha. Wazazi kadhaa wamegoma kuleta mahindi. Mzee Ambakisye, mwenyekiti wa kamati ya shule, kanifuata hadi darasani.
"Mwalimu, kama mtoto wa jirani anakula bila kuleta, mimi nilete ya nini?"
Ninachukia kwamba ana haki. Stoo inakaribia kuwa tupu. Ijumaa kamati inakaa, inataka kufunga jiko. Nimeharibu mimi.

Alhamisi, 16 Machi
Nimekwenda kwa mama yake Tumpe kumwomba achangie mahindi. Alicheka, si kwa ubaya.
"Mahindi nanunua kama wewe, mwalimu. Tangu soko liwe huria, kila msimu bei yake. Mimi nina ndizi. Mfanyabiashara anachagua mikungu mikubwa, hii mingine inaivia shambani, ndege wanakula."
Nimerudi nikikanyaga matope, nikijiuliza kwa nini tulidai mahindi tu. Kwa sababu tulianza hivyo. Basi.

Ijumaa, 17 Machi
Kikao. Wazazi wamejaa. Nimesimama, nikaomba ndizi zipokelewe. Mzee Ambakisye akasema ndizi hazikai stoo, zitaoza. Kweli.
Mama Tumpe akainuka kutoka nyuma.
"Zisikae stoo. Kila kitongoji kiwe na siku yake. Sisi tutaleta Jumatatu."
"Na asiyeleta?" mzee akauliza.
"Nitakwenda kwake mwenyewe, baba."
Watu wakacheka. Mzee naye, mwishoni. Tumekubaliana: mwenye mahindi alete mahindi, mwenye ndizi ndizi. Tujaribu. Jiko halifungwi.

Jumatatu, 20 Machi
Sikulala vizuri. Niliogopa hatakuja mtu. Wamekuja! Akina mama na mikungu kichwani, hata wa nyumba ambazo hazijawahi kuleta kitu. Mzee Ambakisye katuma maharage, bila salamu. Hakuna mtoto aliyeambiwa aende kwao. Ndizi ziliungua kidogo chini. Hakuna aliyelalamika.

Jumatano, 22 Machi
Manyunyu. Leo kitongoji cha juu kimeleta pungufu, mpishi kajazia mahindi. Itakuwa hivyo siku nyingine.
Baada ya kula watoto wamecheza mpira wa matambara uwanjani. Tumpe kasimama golini, magoti yote matope, anawapigia kelele mabeki wake. Saa ya vipindi ikafika. Nimechelewesha kengele makusudi.