Mtihani wa Kusikiliza na Ulimi Wangu wa Murang'a

Ijumaa, jioni. Mawingu yametanda tangu asubuhi na mvua haikunyesha, kama mtu aliyekuja kugombana akabadili nia mlangoni. Hata mimi leo sina ugomvi na mtu. Nimekaa kwenye ngazi za nyumba hapa Kabalagala, Kampala, baa za chini zinaanza kujaribu spika zao, na kwa mara ya kwanza wiki hii kelele zao hazinikeri.

Lamaro anapanda kidato cha tatu.

Nimeiandika sentensi hiyo peke yake ili niiangalie vizuri. Tangu jana hadi leo asubuhi niliamini nimemrudisha mtoto wa watu nyuma mwaka mzima, tena si kwa uzembe wala roho mbaya, ila kwa sababu ya herufi moja iliyonishinda kutamka.

Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi ni Mkikuyu wa Murang'a, nafundisha Kiingereza katika shule ya sekondari upande wa Nakawa, na ulimi wangu haujui tofauti kati ya L na R. Kichwa kinaijua. Kalamu inaijua. Ulimi ndio haujawahi kukubali. Kwetu Kenya wanaita kushrabu, na kuwacheka wanaoshrabu ni burudani ya bure. Nilipokuwa chuo cha ualimu wenzangu walikuwa wananisimamisha ukumbini waniombe niseme "lorry", halafu wanashikana mabega kwa kicheko. Nilicheka nao. Moyoni nilikuwa nawachukia mmoja mmoja, kwa majina.

Kampala iliupokea ulimi wangu bila maswali. Waganda nao wanazichanganya L na R, kwa kanuni zao wenyewe, na hakuna anayemcheka mwenzake. Kijana anayenikaangia rolex, yaani chapati iliyoviringishiwa mayai, pale njiapanda huiita "lolekisi", mimi naagiza "rorekisi", na nakula nashiba. Miaka yote niliyokaa hapa sijachekwa hata siku moja. Nilifika mahali nikasahau kabisa kwamba nina tatizo.

Sasa huu mtihani.

Mwisho wa mwaka kila mwanafunzi wa kidato cha pili hupimwa Kiingereza sehemu mbili, kusoma na kusikiliza. Shule yetu ina sheria yake: lazima upate nusu ya alama kila sehemu. Ukianguka moja, unarudia kidato. Kwa Lamaro kurudia hakukuwepo. Alishawahi kurudia alipohamia hapa kutoka Kitgum, na baba yake, sajenti wa jeshi, alitamka mbele ya mwalimu mkuu kwamba akirudia tena atampeleka kwa shangazi yake kaskazini akajifunze kushona. Lamaro hataki kushona. Anapenda kusoma kiasi kwamba nimewahi kumkuta akisoma gazeti lililofungiwa mandazi.

Kawaida sehemu ya kusikiliza hutoka kwenye simu, tunaunganisha spika. Mwaka huu rekodi iliyopatikana ilikuwa ya Mzungu anayeongea kama ana uji wa moto mdomoni, hadithi ya treni na theluji. Madam Nansubuga, mkuu wa idara yetu, aliisikiliza nusu akaizima. Akatunga hadithi yake mwenyewe, ya shule kama yetu, akasema itasomwa na mwalimu. Akanitazama mimi. Nikasema koo linanikwaruza. Akaniambia nitafune tangawizi.

Hadithi niliyosoma Jumatano ilikuwa fupi. Mwalimu anamwambia mwanafunzi mmoja akusanye madaftari ya darasa zima ayaweke mezani kwake. Mwanafunzi anatazama daftari lake, nusu ya ukurasa ni tupu. Anaona aibu. Basi. Neno la kukusanya lilikuwa "collect", na nililiona linakuja kutoka mistari miwili juu. Nikapunguza mwendo, nikakaza taya, nikatamka kwa kujiamini kabisa: "correct". Yaani kusahihisha.

Nilijisikia mwenyewe. Nikainua macho kidogo. Niliona vichwa vimeinama, kalamu zinaandika, na Madam Nansubuga nyuma kabisa anatikisa kichwa kuonyesha mambo ni mazuri. Nikajipa moyo kwamba hakuna aliyebaini, nikaendelea hadi mwisho.

Jana tulisahihisha. Katika kusoma Lamaro alikuwa amewaacha wenzake mbali. Katika kusikiliza alikuwa chini ya nusu. Madam Nansubuga alinisukumia karatasi yake akasema akili ya huyu haikuwa darasani.

Nikasoma majibu. Mwanafunzi alipewa kazi gani? Alipewa kazi ya kusahihisha madaftari ya wenzake. Kwa nini aliona aibu? Kwa sababu huwezi kusahihisha kazi ya wenzako wakati yako hujamaliza. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Ningemwambia mwalimu kwa heshima kwamba kusahihisha ni kazi yake.

Pembeni ya hilo la mwisho kulikuwa na sifuri na maneno ya kalamu nyekundu: utovu wa adabu.

Nilirudia kusoma. Hapakuwa na jibu lililokosea. Wenzake walisikia L na R kama kitu kimoja, kama walivyozoea, wakachukua neno linaloingia kwenye hadithi. Lamaro ni Mwacholi, na katika lugha yao L ni L na R ni R. Alisikia nilichosema. Akakijengea hadithi nzima juu yake, na ikasimama vizuri kuliko ile ya Madam Nansubuga.

Nikamwambia Madam Nansubuga kosa ni langu, nilisoma vibaya. Hapo ndipo kichekesho kilipoanza, maana alikataa. Alikuwa amekaa nyuma, alisikia kwa masikio yake mawili, nilisema "collect". Kwa masikio ya Kiganda labda ni kweli nilisema hivyo. Nikasisitiza. Akasema namtetea mtoto ninayempenda. Nikasimama katikati ya chumba cha walimu nikairudia sentensi kama nilivyoisoma, wenzangu wakasikiliza kwa makini, wakasema mbona iko sawa.

Maisha yangu yote nimetafuta watu wasiosikia kosa langu. Nimewapata, na jana nilikuwa nawaombea angalau mmoja anicheke.

Usingizi haukuja kwa urahisi. Nilikuwa naiona cherehani tu.

Leo asubuhi sajenti alifika. Nguo za kiraia, viatu vinang'aa. Tulikuwa ofisini kwa mwalimu mkuu: yeye mwenyewe, Madam Nansubuga, mimi, na Lamaro amesimama karibu na mlango mikono nyuma. Nilitumwa mimi kumwita darasani, na jina lake, lenye L na R zote mbili, limenifanya mwaka mzima nimwite "binti wa dirishani". Leo nikasema "Ramaro" mlangoni, akaitika kama kawaida.

Baba yake alipoambiwa kwamba binti hasikilizi, alifikiri kwanza. Halafu akanigeukia mimi, kwa sababu mimi ndiye mwenye Kiswahili pale ofisini.

"Mwalimu, huyu mtoto masikio yake iko mzima. Nyumbani mimi naongea na mama yake pole pole, yeye anasikia iko chumba ingine."

Nilitaka kucheka nikajizuia. Akaendelea, "Lakini kama shule imesema anarudia, mimi sibishani na shule. Jumapili anapanda basi."

Nilimtazama Lamaro. Hakutikisika. Alikuwa anaangalia kalenda ya ukutani kama mtu anayesubiri kutumwa chaki.

Nikapiga moyo konde. Nikamweleza mwalimu mkuu kwa Kiingereza, kisha nikamgeukia sajenti. "Afande, neno nililosoma silo lililoandikwa. Mtoto wako alisikia sawasawa na akajibu sawasawa. Ulimi wangu ndio mbovu. Nikitaka kusema hili, linatoka lile."

Sajenti akakunja uso. "Na wewe ndiyo mwalimu ya Kingereza?"

"Ndiyo, afande."

"Sasa namna gani?"

Lilikuwa swali la haki. Uso uliwaka. Madam Nansubuga alianza kusema tena kwamba yeye alisikia vizuri, lakini mwalimu mkuu, ambaye hapendi maneno marefu kabla ya chai, alimkatiza. Akaamua Lamaro asomewe hadithi nyingine palepale, Madam Nansubuga asahihishe mbele yetu, na msomaji awe mwalimu wa kilimo, ambaye anatamka kama mtangazaji wa redio.

Lamaro akafungua mdomo kwa mara ya kwanza. Akaomba, kwa Kiingereza kizuri na kwa sauti ya chini, asomewe na mimi. Mwalimu mkuu akauliza sababu. Akasema amezoea sauti yangu.

Nilimwona kama anajichimbia shimo. Nilitaka kukataa, lakini karatasi ilishawekwa mkononi mwangu. Hadithi nyingine ya mkuu wangu wa idara, ya dereva wa lori. Sijui Madam Nansubuga ana nini na mimi. Mstari wa kwanza peke yake ulikuwa na "lorry", "road" na "rice", na ilizidi kuwa mbaya kadiri nilivyoshuka.

Nikasoma. Safari hii sikukaza taya, maana kukaza hakujawahi kunisaidia. Nilisoma jinsi ninavyoongea, taratibu, kosa juu ya kosa, mbele ya afande na mwalimu mkuu, jasho likinitiririka mgongoni. Lamaro aliinama kwenye pembe ya meza akaandika bila kusita.

Madam Nansubuga ni mbishi lakini hana dhuluma. Alisahihisha hadi mwisho, akarudi juu, akapitia upya. Kisha akamgeuzia mwalimu mkuu karatasi na kusema kwamba mtoto amekosa swali moja tu.

Mwalimu mkuu akasoma, akasema amepita, akaagiza chai.

Sajenti akavuta pumzi ndefu. "Haya. Hiyo basi ya Jumapili iende bila yeye." Akanipa mkono wakati wa kuondoka. Akasema asante, halafu akaniomba nijaribu kuchunga ulimi. Nimemwahidi. Nilikwenda choo cha walimu nikafunga mlango nikalia kidogo, kwa raha, nikanawa uso.

Ningeweza kuishia hapo na kulala vizuri.

Ila nilipotoka nilimkuta Lamaro kwenye bomba la maji, ananisubiri huku akijifanya ananawa mikono. Nikamuuliza kwa nini alinichagua mimi wakati mwenzangu anasoma safi. Tukiwa wawili huwa tunaongea Kiswahili, mimi changu, yeye chake cha kambi ya jeshi.

"Mimi najua kusikia wewe, Madam. Ukisema ile neno haiko sawa, mimi naangalia hadithi inataka nini."

Nikamsogelea. "Hata Jumatano ulijua?"

"Nilijua. Nilijua unataka kusema ile ya kukusanya."

"Sasa kwa nini uliandika nyingine?"

"Karatasi ilisema tuandike yenye tumesikia."

Nikamwambia angeinua mkono, angeuliza, niliwaruhusu wote kuuliza. Akafunga bomba. Akasema aliinua, mimi sikumwona, halafu akashusha.

"Ulishusha kwa nini?"

Alikuwa anatazama viatu vyake. "Darasa yote hawasikiangi, Madam. Mimi ningeuliza, wangeanza kusikia. Wangecheka wewe."

Kisha akaniaga kwa adabu akarudi darasani.

Na leo ofisini, kabla sijasema lolote, alisimama pale mlangoni akisikia basi la Jumapili likipangwa, na hakusema neno. Alikuwa nalo mdomoni. Sentensi moja tu, Madam alikosea, na yote yangekwisha. Alikuwa tayari kwenda kushona kuliko mimi niaibike mbele ya baba yake.

Nimefurahi leo hadi kifua kinauma, na sijui nimeitendea nini dunia hadi nikalindwa na mtoto wa kidato cha pili.

Jumatatu ndiyo siku ya mwisho ya masomo. Nitaingia mapema, nitaandika "collect" na "correct" ubaoni, nitageuka, nitayasoma yote mawili kwa sauti kubwa, kisha nitawaambia darasa zima nilichosema Jumatano na nilichotaka kusema. Wakicheka, wacheke. Nitamwomba Lamaro aanze.