Aya ya Nne Haikusomwa

Fordsburg, Johannesburg

Baba,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa Bi Saumu akuletee imekufaa? Mimi mwili mzima. Moyo ndio una hasira, na nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza.

Uliniambia wenzako wa kahawa hapo Ngamiani wanafungua redio yetu kwenye simu ili wacheke Kiswahili ninachosomea habari. Ukasema, "Johannesburg imekuharibu ulimi." Nililia, Baba, halafu nikakasirika, na hadi leo sijatulia. Kosa si la ulimi wangu.

Ngoja nikueleze habari zetu zinavyopikwa. Studio ni chumba kimoja cha ghorofani huko Randburg. Habari zote huja kwa Kiingereza, hata zikiwa za Tanga. Mwenye redio ni kijana aliyezaliwa hapa na wazazi wa Dar. Kiswahili anakisikia, kukisema hawezi. Huzitia habari kwenye kompyuta, kompyuta inatafsiri, nami nakabidhiwa karatasi saa saba ikigonga. Mhariri hakuna. Tena hutafsiriwa kichwa na aya ya kwanza tu, kwa kuwa nafasi iliyobaki ni ya matangazo ya biashara. Nikiomba kuona habari nzima ananiambia kwa lugha za hapa, "Eish, sisi," yaani dada, "soma tu." Ulinisomesha mpaka chuo kikuu, nikaja kuwa koo la kompyuta.

Kuchekwa ningevumilia. Lakini wiki ile maduka ya wageni yalipokuwa yakivunjwa mjini, nilipewa habari kwamba polisi wataingia Fordsburg kufunga maduka ya wageni na kuchukua mali. Nikasoma. Huo ulikuwa uvumi uliokuwa unazunguka, na katika aya ya nne ya Kiingereza, niliyoikuta mwenyewe mtandaoni baadaye, polisi wenyewe waliukanusha. Aya ya nne haikutafsiriwa.

Mama Furaha alinisikia. Ni fundi wa kutoka Bukavu, ndiye anayenishonea. Alipakia cherehani zake zote kwenye bakkie, hizi pikapu za hapa, ya mtu asiyemjua, azipeleke kwa dada yake. Dereva hakufika huko. Nilimkuta Mama Furaha amekaa kwenye kibanda kitupu, futi ya kupimia bado iko shingoni. Nikaanza kueleza: kompyuta, karatasi, matangazo. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi sijue kompyuta, ma soeur," akasema, akiniita dada yake kwa Kifaransa. "Ile sauti ilikuwa yako."

Yake hakuipandisha hata kidogo. Afadhali angenitukana.

Kesho yake nilimwomba mwenye redio tusahihishe hewani. Akasema tukikiri, wenye matangazo watatukimbia, na wasikilizaji wameshasahau. Watu wanalala na mizigo imefungwa, yeye anasema wameshasahau. Saa saba ilipofika niliweka karatasi yake kando, nikasoma aya ya nne kwa Kiswahili changu, taratibu, kisha nikataja jina langu na kusema tulikosea. Alizima mitambo kabla sijafika kwenye hali ya hewa. Akaninyooshea mkoba wangu.

Nilikwenda moja kwa moja kumwambia Mama Furaha. Hakuwa amesikia. Tangu siku ile hafungui redio.

Sasa nauza vitambaa katika duka la Mhindi mmoja hapa Fordsburg. Cherehani hazijaonekana, na ninapopita kibandani kwake namsalimia, ananiitikia, basi.

Mpe Mama shikamoo yangu. Msalimie dada Rehema na wanawe, na mjomba Hamisi, umwambie kanzu aliyoniagiza ninayo. Na hao wenzako wa kahawa wasalimie pia. Wakisikia msichana mwingine akisoma habari saa nane ya kwenu, wasimcheke. Waulize kwanza ni nani aliyempa karatasi.

Mwanao, mwenye ulimi uleule,
Mwanaidi