Pampu Mbili za Ukingoni

Mjomba,

Shikamoo! Huku wazima. Mama anakusalimu, na mimi bado naikodolea kompyuta macho.

Sasa nisikilize, maana hata kukaa kitini nimeshindwa! Ofisini kwetu kwenye idara ya maji, wanaopima mto wapo ghorofani, wanaopima visima wapo chini, kila upande na hesabu zake. Mimi kibarua, niliyejifunzia kompyuta kwenye simu, nikaziunganisha ndani ya programu moja. Mto wetu kwenye skrini ukakauka. Mkuu wangu akacheka, "Fundi wa kubahatisha, umeharibu!" Kumbe ulikauka mwezi uleule ulipokauka mto wa kweli!

Mjomba, hukuziba mto kama Baba alivyodai. Alikuonea, na miaka mitatu ya kutosalimiana imetuumiza sote. Lakini ukweli usemwe: visima vyako viwili vya ukingoni vinaunyonya mto kwa chini. Nilipozima pampu zake kwenye kompyuta, nikaacha zile pampu zako nne za mlimani, maji yalifika shambani kwetu na bustani yako haikukosa kitu. Nimerudia mara kumi na moja!

Nikamwonyesha Baba. Akanuna weee, kisha akasema, "Mwambie shemeji azime mwezi mmoja tu. Maji yakifika, nitapanda huko mwenyewe nimwombe radhi."

Zima, Mjomba, nakusihi. Mama ameshampigia Baba pasi shati la safari.

Ni mimi, mpwa wako mbishi