Jumapili Ambayo Hatukuomba

Mjukuu wangu Nafula,

Huku Kitale tuko salama. Babu yako anavuna mahindi huku akikutaja. Unauliza kama uwaambie wenzako wa ushirika kwamba maombi yamekushinda.

Nilipokuwa msichana Webuye, ushirika wetu ulikutana kwa Mama Nekesa, kila mtu akishuhudia baraka tu. Jumapili moja, baada ya kumzika mwanawe, Mama Nekesa alisema, "Leo ombeni ninyi. Mimi nimemkasirikia Mungu."

Kisha mzee wa kanisa, aliyesifika kwa sala ndefu, akaanza kulia. "Hata mimi, mama. Tangu mke wangu afariki."

Tulikaa tu, tumeshikana mikono. Sijawahi kuwa karibu na watu hivyo tena.

Wengi wao wametangulia, nami bado nawakumbuka. Ukipata watu wa kukaa nawe kimya hivyo, niandikie majina yao, niwapende kutoka huku.

Nyanya yako